Shanta Nne za Marehemu Baba Yako

Ojiambo mwanangu,

Cheka kwanza, umalize. Nimekupita miaka minne tu, na mpaka mwaka jana tulikuwa tukigombania blanketi moja, halafu leo nakuandikia kama mzee mwenye mvi. Lakini kwetu ndivyo ilivyo: ndugu wa baba ni baba, awe na ndevu au asiwe nazo. Siku ile ya kugawa vitu vya marehemu, wazee walipomaliza ng'ombe na baiskeli na makoti, waliniita mimi kitindamimba wa nyumba wakaniambia, "Egesa, hizi shanta nne za kaka yako, shika wewe. Na huyu mtoto, shika wewe pia." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilipokea shanta nne na mtoto mmoja kwa dakika moja, nikainamisha kichwa. Watu wakasema, kijana huyu ana heshima. Haikuwa heshima. Ulimi ulikuwa umeganda tu, kama unavyoganda kila mara.

Habari ya sabuni, ya kufua kola, ya kutompa mtu kalamu yako, mama yako ameshakuambia tangu Jumapili, na bibi yako amerudia. Mimi sitarudia. Nakuandikia jambo ambalo kama ningekuambia kwa mdomo ningelikwepa. Nikikutazama usoni nitaanza kusema habari ya sabuni, na kesho asubuhi utapanda basi la Tororo hujui. Ndiyo maana nimekutuma Sikuda kumuaga shangazi, ili nipate mchana mmoja mtulivu. Nimekaa nyuma ya ghala na karatasi za daftari langu. Ukirudi utazikuta juu ya shanta zako.

Naandika Kiswahili, unajua kwa nini. Kiswahili nilifundishwa ng'ambo, upande wa Kenya, nilipokaa kwa mjomba, na Kiingereza nilifundishwa Tororo. Kiingereza ni cha kujibu maswali ya walimu. Na Kisamia, cha nyumbani, nikianza kusema jambo hili kwa Kisamia simalizi hata sentensi moja.

Sasa nianze na shanta, maana jambo lenyewe liko humo.

Baba yako alikuwa mtu wa mbung'o. Ndivyo walivyomwita toka hapa Buhehe mpaka mpakani, Wandera wa Mbung'o. Kazi yake ilikuwa kutembea kwenye vichaka vya mtoni, kuwanasa mbung'o kwa wavu, kuwatia kwenye vichupa wakahesabiwe, na kupulizia dawa miti wanakopumzika, ili malale isirudi. Watu walimcheka. Mtu ana mgongo mmoja, shanta nne za nini? Hata bibi yako alikuwa akimwambia, "Wandera, wenzako wanaongeza wake, wewe unaongeza mifuko. Angalau wake wangenichotea maji."

"Hata mifuko inagombana, Mama," anajibu. "Ndiyo maana kila mmoja una msumari wake."

Misumari hiyo minne bado iko ukutani, umeiona maisha yako yote. Wa kwanza ni wa Ya Msitu, ile kubwa ya turubai yenye chuma mgongoni, ya safari ya siku nyingi: blanketi, sufuria, unga, chumvi. Wa pili ni wa Ya Chupa, ndogo, ambayo aliigawa ndani kwa vipande vya turubai alivyoshona mwenyewe ili vichupa visigongane. Wa tatu ni wa Ya Watu. Hiyo ni ya kila siku, ya kanisani, ya sokoni, ya kwenda kusalimia wakwe. Na wa nne ulikuwa wa Ya Dawa. Hiyo hujaiona kwa miaka miwili, na ukiuliza nakuambia iliibwa sokoni.

Haikuibwa.

Baba yako hakuwa mtu wa maneno mengi, na la shanta hiyo aliniambia mara moja tu. Nilikuwa namshikia sindano akishona mkanda wake. Akasema, "Egesa, hii hata ukiiosha mwaka mzima, usitie chakula." Nikasema ndiyo, kaka. Nilisikia vizuri. Sitaki ufikiri nilisahau, ungenisamehe haraka mno.

Unakumbuka ile safari yetu ya Mwello, kuchukua karanga za shangazi yako mkubwa? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile Ya Watu ilikuwa kwenye kamba, mama yako alikuwa ameifua. Ya Chupa ni ndogo. Iliyobaki ni Ya Msitu, na hiyo ndiyo ningebeba, mtu yeyote mwenye akili angeibeba. Lakini Ya Msitu ilikuwa na jina lake pale kwenye daraja la matete. Vijana wa pale walikuwa wakiiona mgongoni mwangu tu, wanapiga saluti. "Afande! Askari wa mbung'o! Sisi mbung'o tuko huku, tukamate!" Mmoja anavuma kama mdudu nyuma ya sikio langu mpaka mwisho wa daraja. Wewe ulikuwa ukicheka na kuwajibu. Mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu, na nikifika nyumbani nimechoka kuliko aliyelima.

Na Ya Dawa, Ojiambo, ilikuwa nzuri. Ilikuwa mpya kuliko zote, vifungo vya shaba, mikanda myembamba, inakaa mgongoni kama ya karani anayekwenda ofisini. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeiosha kwa majivu na mchanga, nikaianika jua la siku mbili, nikaipindua, nikaianika tena. Nikajiambia kaka alikuwa akitutisha watoto. Nikaivaa, tukapita daraja, na hakuna aliyesema kitu. Kijana mmoja alisema hata, "Karibu, bwana." Nilitembea hivyo mpaka Mwello, na nakuambia ukweli, ile ilikuwa asubuhi nzuri.

Kurudi nilijaza karanga zilizomenywa mpaka juu. Wewe ulikuwa nyuma yangu ukitia mkono ndani na kutafuna njia nzima. Tulipofika kwenye ule mgahawa wa chai uliofungwa, ukasema, "Egesa, karanga zako zinanuka."

"Zinanuka nini?"

"Kama dawa ya Baba."

"Ni raba ya shanta. Jua limeichoma. Kula, acha maneno."

Ukala. Hilo ndilo linaloniamsha. Watu wengine wanaota majoka, mimi nasikia "kula, acha maneno" kwa sauti yangu mwenyewe.

Mimi sikula, nilikuwa na jino bovu. Mengine hukumbuki, nitakuambia mimi. Tulifika jua likiwa utosini. Ulisema kichwa kinakuuma, ukatapika karibu na jiwe la kusagia, kisha ukaanguka, mikono imekunjamana, povu mdomoni. Mama yako alikukalia miguu. Ukatulia, ukalala, halafu ukaanguka tena. Lori la muuza mihogo lilitupeleka hospitali mjini Tororo, mimi, mama yako na bibi yako, wewe umelazwa juu ya magunia.

Daktari alikuwa mgeni, Kiingereza tu. Muuguzi hakujua Kisamia. Bibi yako Kiswahili chake ni cha sokoni, leta, ngapi, punguza, na mama yako alikuwa akilia. Kwa hiyo daktari akanigeukia mimi mwenye kaptula ya shule. Akauliza, "Waulize. Mtoto amekula nini? Amegusa dawa yoyote, ya shamba, ya ng'ombe, ya wadudu?"

Mama yako na bibi yako wakanitazama, wakingoja.

Sikupanga, mwanangu. Kama ningepanga ningekuwa mtu wa aina nyingine, labda ningeogopa zaidi. Nilifungua mdomo nikawaambia kwa Kisamia, "Daktari anauliza, kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuanguka hivi?"

Bibi yako akafikiri. Akasema babu mmoja, ndugu wa baba yake, alianguka mtoni akafa, na watu walisema ni kifafa. Nikamgeukia daktari nikasema kwa Kiingereza changu kizuri cha Tororo, hapana, hakugusa dawa yoyote, lakini kwenye ukoo kuna mwenye kifafa. Daktari akaandika. Nilimwona akiandika. Neno likatoka mdomoni mwangu likaingia kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi likarudi nyumbani likakaa nasi miaka miwili.

Mimi ndiye niliyekuwa katikati ya watu wote mle ndani, na kila mmoja aliniamini kwa sababu hakuwa na mwingine.

Tuliporudi nilikung'uta shanta uani. Kuku wawili wa bibi yako walidonoa zilizomwagika, na kabla ya jua kuzama wote wawili walikuwa wamelala chali. Majirani wakasema ni jicho la mtu. Mimi nilijua ni nini. Karanga zote nikamwaga chooni, nikasema nilizisahau kwenye lori.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mtoni hukwenda tena. Jikoni hukukaribia moto. Ukapewa sahani yako peke yako, ile ya bati yenye ua, na watoto wa jirani wakawa wanaruka pembeni ukipita. "Msimguse, ataanguka!" Mama yako akawa analala mlangoni mwako. Na hukuanguka tena, hata mara moja. Watu wakasema ni maombi ya mama yako. Mimi nikaliacha, maana maombi yalinisaidia na mimi.

Siku iliyoniuma zaidi, nadhani wewe umeisahau. Darasa lenu lilikwenda kupanda lile jiwe la Tororo, na mwalimu akakuacha chini, ulinde mifuko ya wenzako. Ulirudi jioni ukatuambia kila mfuko ulikuwa na nini. Wa fulani ulikuwa na viazi, wa fulani una shati la dada yake, wa mwingine una jiwe amelitia mwenyewe apate kujisifu kwamba amebeba mzigo mzito. Bibi yako alicheka mpaka akashika ubavu. Ukasema, "Walio juu waliona mpaka Kenya. Mimi niliona mifuko." Ulisema kwa mzaha. Mimi nilitoka nje.

Sasa nije kwenye shule yako, maana hapo nimekosa mara ya pili, na hili ni la juzi, siwezi kusema nilikuwa mtoto.

Najua kwa nini uliichagua shule ile. Si kwa ajili ya hesabu. Ni kwa sababu yule mwanafunzi wao alipita hapa likizo na shanta mgongoni, akakuambia kila muhula wanapelekwa kutembea kwenye milima ya upande wa Mbale, wanalala siku tatu nje, wanapika wenyewe. Toka siku hiyo umekuwa ukiipaka mafuta mikanda ya Ya Msitu. Fomu ilipokuja niliijaza mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mwandiko. Pameandikwa, je, mtoto ana ugonjwa wowote? Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaandika kifafa, herufi zimesimama vizuri.

Barua ya majibu mliisikia, niliwasomea wote hapa uani. Umekubaliwa, mama yako akapiga vigelegele. Lakini ile sehemu ya mwisho sikuisoma. Nikakunja karatasi. Inasema hivi: kwa sababu ya hali yake, mwanafunzi atalala chumba cha karibu na wagonjwa, hataogelea, hatapanda mlima wala kwenda safari yoyote ya nje, mpaka amalize masomo.

Miaka yote hiyo, Ojiambo. Wenzako watakuwa wanafunga shanta, na wewe utakuwa barazani unalinda nyingine. Na hujui. Umefunga Ya Msitu yako vizuri kabisa, sufuria chini, blanketi juu, kama baba yako alivyokuwa akifunga.

Labda ningenyamaza hata hapo, sijui. Lakini mwezi uliopita alikuja yule mzee aliyefanya kazi na baba yako, mwenye kofia ya askari, ulimpa kiti wewe. Mlipoondoka akawa anatazama ukuta. Akaniuliza, "Ya nne iko wapi?" Nikasema iliibwa. Akasema afadhali, na Mungu amsaidie aliyeiiba kama ataweka ugali humo. Akanieleza kwamba kwenye kambi yao mtu mmoja alitia muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wa dawa, siku moja tu. Alianguka na kutoa povu, wakamfunga kamba wakidhani ana pepo. Siku ya tatu akaamka akaomba chai. "Na hakuanguka tena mpaka leo," akasema. "Wandera ndiye aliyemshika kichwa. Ndiyo maana alikuwa mkali na mifuko yake. Hakuwahi kukuambia?"

Nikasema, "Aliniambia."

Wiki iliyofuata nilikwenda mjini, hospitali ileile. Daktari yule ameshahama, yuko mwingine, huyu anasema Kiswahili. Nilikaa kwenye benchi, zamu yangu ikapita mara mbili, nikawa nawapisha akina mama wenye watoto. Mwishowe muuguzi akasema, "Wewe kijana, unaumwa au unalinda ukuta?" Nikaingia. Nikamweleza daktari yote, na sehemu kubwa niliiambia meza yake.

Akaniuliza kama umeanguka tena. Nikasema hapana. Akauliza ile shanta iko wapi, nikamwambia nimeificha darini. Alinigombeza kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Nimeizika, kama alivyoagiza, shimo refu mbali na kisima na mbali na bustani, na nguo nilizovaa kuishikia nimezizika humo humo. Kisha nikamwomba aandike barua kwa mwalimu mkuu wako. Akasema atakupima kwanza, na ndiyo maana ulichukuliwa Tororo siku ile "kupimwa macho." Samahani kwa hilo nalo. Alikupima, akaandika kwamba yeye haoni dalili ya kifafa. Barua ninayo. Nikamwambia, ongeza habari ya karanga.

Akaweka kalamu chini. "Karanga mimi sikuziona. Mfuko sikuuona. Mwalimu mkuu akiuliza, basi siku ile ilikuwa nini, nani atamjibu? Nenda ukaseme wewe."

Leo asubuhi, ulipopotea kwenye kona ya njia ya Sikuda, nikawaambia. Walikuwa wanapukuchua maharage, mama yako na bibi yako. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa Kisamia, na kama nilivyojua, nikalazimika kuanza mara tatu. Mama yako hakuinua kichwa. Aliendelea kupukuchua mpaka ganda likawa halina kitu, na vidole vinaendelea.

Halafu akasema, "Shemeji, miaka miwili naamka kumwekea mwanangu mkono kifuani, nione kama anapumua."

Nikasema najua.

"Hujui. Ulikuwa umelala."

Bibi yako ndiye aliyepiga kelele. "Na kuku wangu?" akasema. "Kuku wangu wawili! Nimeacha kumsalimia mama wa watu kwa ajili ya kuku hao! Nilisema ana jicho!" Akavua kiatu akanirushia, kikapita. Kisha akakaa chini, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. Baada ya kitambo akasema kutoka ndani ya kanga, "Leteni ile sahani ya bati." Mama yako akaileta. Bibi akamwagia kuku mtama ndani yake. Ukirudi usiitafute, imekuwa ya kuku.

Mama yako alipanga kukupeleka kesho yeye mwenyewe, na nguo alikuwa ameshapiga pasi. Ameirudisha sandukuni. Akaniambia, "Utampeleka wewe. Neno uliliingiza wewe, ulitoe wewe." Hakusema tena na mimi mpaka sasa ninapoandika. Chakula amenipa.

Kwa hiyo kesho tuko wawili, basi mpaka Tororo, kisha garimoshi.

Kuhusu shanta. Utakwenda na zote tatu, na watakucheka. Watauliza mtu mmoja anafanya nini na shanta tatu. Ya Watu ni ya darasani na kanisani. Ya Chupa nimeona umeshaanza kutia ndoana na kamba za kuvulia, ni sawa, itakufaa na mtoni, ina vyumba vyake. Ya Msitu ni ya milimani. Usiniulize kwa nini usichukue moja ukafanyia yote, mimi nimeshajaribu. Na siku moja utaona shanta ya mwenzako ni nzuri kuliko zako, nyepesi, ina vifungo vinavyong'aa. Sikuambii usiitamani. Mimi bado natamani vitu vya namna hiyo, naona mtu akipita navyo, namtazama mpaka apotee. Ila uliza kwanza ilibeba nini jana. Ukiona aibu kuuliza, basi uliza na aibu yako hivyo hivyo, huku unatetemeka. Nimegundua mwaka huu, nimechelewa, kwamba aibu haimzuii mtu kusema. Inamfanya aseme vibaya, kwa kukwama, akitazama meza. Lakini maneno yanafika.

Kuna jambo moja zaidi, na ni gumu kuliko kumwambia bibi yako. Ninakuomba radhi. Si kwa karanga peke yake, karanga ningeweza kusema zilikuwa ujinga. Ni kwa yale maswali ya daktari niliyoyabadilisha, na kwa kila siku niliyokuona umekaa mbali na moto wakati wa baridi nikapita. Ukitaka kunikasirikia ndani ya garimoshi, nikasirikie, safari ni ndefu, siti mbili zitatutosha. Ukitaka usiseme na mimi, nitaelewa, mimi ndiye mtu wa kwanza kuelewa kutosema.

Ila tukifika, nikusaidie na unisaidie. Ofisi ya mwalimu mkuu naijua, nilipeleka fomu mwenyewe. Ina mlango wa kijani na benchi nje, na benchi hiyo ni hatari kwangu. Usiniache nikae. Tukiitwa, ingia kabla yangu. Nitampa barua ya daktari, ataisoma, atauliza, basi siku ile mtoto alipatwa na nini? Hapo ndipo ninapopaogopa. Nimejaribu maneno peke yangu hapa nyuma ya ghala, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kuku wananitazama. Nitamwambia: nilimlisha karanga kutoka kwenye mfuko wa dawa ya mbung'o, kisha nikamdanganya daktari, kisha nikaandika uongo kwenye fomu yako. Mtoto hana kifafa. Mruhusu aende mlimani na wenzake.

Ni maneno machache. Mtu mwingine angeyasema akiwa anavua kofia. Ukiona nimeanza kumweleza habari za mvua, au namsifu kwa maua ya shule, nikanyage mguu. Kanyaga kwa nguvu, hata mbele yake, na usitoe mguu wako mpaka nimalize.

Egesa